Kurekodi Albamu Yako Binafsi ya Gitaa la Roki: Kuanzia Wimbo wa Majaribio hadi Masta

Albamu ya mpiga gitaa aliyeamua kutoka peke yake ina hatari ambayo albamu ya bendi haina: hakuna wa kumwambia inatosha. Katika bendi, mpiga besi atalalamika kwamba hasikiki, mwimbaji atadai nafasi yake, mpiga dramu atakataa kukimbizwa. Ukiwa peke yako, kila penye uwazi unapajaza gitaa, kila gitaa unalizidishia distosheni (mkwaruzo wa makusudi), na mwishowe nyimbo kumi zinasikika kama wimbo mmoja mrefu. Albamu za gitaa huharibiwa na gitaa lenyewe. Karibu kila hatua iliyo hapa chini, hata ile ya kupanga kasi na kufunga nyuzi, inalenga upige kidogo na usikike zaidi.

Kabla ya kuwasha mashine

Amua urefu kwanza. Nyimbo 8 hadi 10, jumla ya dakika 35 hadi 45, zinatosha kabisa kwa albamu ya roki. Kama kuna uwezekano wa kutoa santuri, hesabu kwa upande: santuri ya inchi 12 ya mizunguko 33⅓ kwa dakika hubeba vizuri dakika 18 hadi 22 kila upande. Ukizidisha hapo, mifereji inalazimika kubanana, na anayekata santuri hana budi kupunguza ukubwa wa sauti na besi. Ni afadhali kulijua hilo leo kuliko kulazimika kukata wimbo uliokwisha kumiksiwa.

Rekodi kila wimbo kwa njia ya majaribio: gitaa moja, metronomu, na simu au maikrofoni yoyote. Kwa wimbo usio na maneno, fanya jaribio moja gumu: weka gitaa chini uimbe melodi kwa mdomo. Ikiwa huwezi kuiimba, hiyo bado si melodi, ni mazoezi ya vidole, na msikilizaji hatakuwa na cha kushika. Irudie kwenye meza ya utunzi kabla hujaipeleka studio.

Kisha andikia kila wimbo ukurasa mmoja wenye kasi, ufunguo, namna nyuzi zilivyotyuniwa, na orodha ya magitaa yote yatakayosikika, kila moja na kazi yake. Mawili ya ridhimu, kushoto na kulia; moja la melodi na solo; moja la rangi, pengine arpejio safi au noti ndefu kwenye kiitikio. Hayo ni manne. La tano likitaka kuingia, andika ni lipi litakalotoka. Les Paul, aliyepanga gitaa juu ya gitaa mwaka 1948 kwa kunakili kutoka diski hadi diski, alilipia kila tabaka, kwa sababu kila nakala ilipunguza ubora wa zile zilizotangulia. Kompyuta imeondoa gharama hiyo, kwa hiyo nidhamu ni lazima itoke kwenye karatasi yako.

Ukishakuwa na kurasa zote, zipange sakafuni kwa mfuatano wa albamu na uangalie funguo. Wapiga gitaa hupenda E ndogo na A ndogo kwa sababu nyuzi zilizo wazi zinasaidia. Nyimbo tano mfululizo kwenye E zinachosha sikio hata kama kila moja ni nzuri. Shusha nyuzi nusu toni kwa wimbo mmoja, tumia kapo (kibano cha shingoni) kwa mwingine, au badilisha mfuatano.

Kasi nayo ipimwe, isikisiwe. Piga wimbo kwa kasi tatu, kwa mfano mapigo 126, 130 na 134 kwa dakika, urekodi kila moja, usikilize kesho yake. Mkono wenye msisimko huchagua ya haraka, sikio lililotulia mara nyingi huchagua ya kati. Inaruhusiwa kiitikio kiende mapigo 1 au 2 zaidi ya ubeti. Programu nyingi za kurekodi zina ramani ya kasi, na wimbo unapumua kwa mabadiliko hayo madogo. Dramu zikisharekodiwa, kubadilisha kasi ni kuanza upya.

Gitaa lenyewe

Kwa mtyuno wa kawaida kwenye gitaa la skeli (urefu wa uzi kutoka mwanzo wa shingo hadi darajani) ya inchi 25.5, seti ya nyuzi 10–46 inafaa; namba hizo ni unene wa uzi mwembamba kabisa na mnene kabisa kwa sehemu za elfu za inchi. Ukishuka hadi drop C (nyuzi zote chini toni moja, ule mnene kabisa toni mbili), hasa kwenye skeli fupi ya inchi 24.75, panda hadi 11–54 au 12–56. Uzi mwembamba ulioshushwa sana hulegea, na kila pigo la nguvu linaupandisha toni kabla haujatulia. Funga nyuzi mpya siku moja kabla, zivute kwa mkono uzi mmoja mmoja, tyuni tena, rudia mpaka ziache kushuka. Badilisha seti kila baada ya wimbo mmoja au miwili ya ridhimu. Uzi uliochoka unapoteza mng'ao, na mbaya zaidi, toni zake za juu kwenye shingo huanza kusema uongo.

Hilo la shingo linahitaji umakini, maana ndilo chanzo cha albamu nyingi kusikika zimepotoka kidogo bila mtu kujua kwa nini. Tyuni uzi, piga harmoniki ya freti ya 12 (gusa uzi kidogo bila kuubonyeza), halafu bonyeza freti hiyo hiyo ya 12 upige noti ya kawaida. Zote mbili zilingane kwenye tyuna. Noti iliyobonyezwa ikiwa juu, rudisha nyuma kipande kinachobeba uzi huo kwenye daraja ili uzi uwe mrefu. Ikiwa chini, kisogeze mbele. Baada ya kila mzunguko wa bisibisi, tyuni uzi upya ndipo upime tena. Bonyeza kwa nguvu unayotumia ukipiga kweli, si kwa kidole cha upole cha fundi, kwa sababu kubonyeza sana peke yake hupandisha toni. Fanya yote haya ukiwa na nyuzi na mtyuno utakaorekodia. Gitaa lililorekebishwa kwa mtyuno wa kawaida halibaki sahihi ukilishusha toni mbili.

Uzi mnene ukipigwa kwa nguvu hupanda juu mara moja, kisha hushuka taratibu. Kwa hiyo tyuni kulingana na kile kitakachosikika. Rifu (vipande vya gitaa vinavyojirudia) fupi za haraka zilizozimwa kwa kiganja husikika pale mwanzo wa pigo tu, basi tyuni ukitazama sindano wakati wa pigo lenyewe. Kodi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) ndefu zinazoachwa zilie husikika kwenye mkia, basi subiri sindano itulie. Siku zote fikia noti kwa kupanda kutoka chini. Ukiifikia kwa kushusha, ulegevu unabaki kwenye mashine ya kukazia na uzi utashuka katikati ya kiitikio. Tyuni kabla ya kila mkupuo, yaani kila mara unapopiga ili kurekodi, bila kuona uvivu.

Ondoa kelele ndogo ndogo mapema. Springi za tremolo nyuma ya gitaa huendelea kulia baada ya wewe kuzima kodi. Ingiza kipande cha sponji. Nyuzi zilizo kichwani mwa gitaa, kati ya mashine za kukazia na kipande chenye mifereji kinachozipokea mwanzoni mwa shingo, nazo hulia. Zifunge kitambaa laini. Mvumo wa pikapu za koili moja hutoka kwenye umeme wa 50 au 60 Hz na hubadilika unapogeuka: zunguka taratibu kwenye kiti mpaka uupate upande uliotulia, weka alama sakafuni, na ukae mbali na kompyuta na taa zenye swichi ya kupunguza mwanga.

Mpangilio wa kurekodi na mfuatano wa kazi

Rekodi kwa biti 24 na 48 kHz, au 44.1 kHz ukipenda, ila usibadilishe katikati ya albamu. Vilele vya sauti viwe kati ya −12 na −6 dBFS (desibeli chini ya sifuri, kiwango cha juu kabisa cha kidijitali). Hakuna faida yoyote ya kusukuma karibu na sifuri. Kuvunjika kwa sauti ya kidijitali hakufanani na joto la valvu, na hakurekebishiki. Wakati wa kurekodi weka bafa (foleni ndogo ya sauti ndani ya kompyuta) ya sampuli 64 au 128. Sampuli 128 kwa 48 kHz ni takribani milisekunde 2.7 kwa upande mmoja, bila kuhesabu ucheleweshaji wa intafesi yenyewe, kifaa kinachounganisha gitaa na kompyuta. Ukihisi mkono wako unakokota nyuma ya metronomu bila sababu, chunguza bafa kwanza kabla hujajilaumu. Wakati wa kumiksi ipandishe hadi 1024 ili kompyuta ipumue.

Mfuatano unaofanya kazi ni huu:

1. Gitaa la mwongozo pamoja na metronomu, wimbo mzima, kwa hisia kamili hata kama lina makosa. Wote wanaofuata watapiga wakilisikiliza hili.
2. Dramu.
3. Besi.
4. Magitaa ya ridhimu.
5. Melodi na solo.
6. Sauti za kuimba, kama zipo.
7. Gitaa la rangi, na hapo tu kama bado kuna nafasi.

Mpiga gitaa hushawishika kurekodi ridhimu mapema, kabla ya besi. Matokeo yake ni kwamba analiongezea gitaa uzito wa chini ambao ulikuwa kazi ya besi, na besi ikija haina pa kukaa.

Dramu za kupigwa na mtu ni bora kila zikipatikana: mpe mpiga dramu gitaa la mwongozo siku kadhaa kabla, na mrekodi mikupuo mitatu au minne kamili badala ya kukatakata. Ukitumia dramu za kupanga kwenye programu, kumbuka mtu ana mikono miwili. Sneya, hai-hati na toazi kubwa haviwezi kulia kwa pamoja vikapigwa kwa fimbo. Nguvu ya pigo kwenye MIDI (lugha ya kidijitali ya ala) huenda 1 hadi 127. Sneya kuu iache icheze kati ya 100 na 120, na yale mapigo madogo ya katikati kati ya 25 na 45. Ukiacha kila kitu kwenye 127, sikio linagundua mashine ndani ya mizunguko minne ya muziki. Na pale melodi inapoimba, punguza matoazi. Mng'ao wao unakaa palepale kwenye makali ya gitaa la solo, na wote wawili watapoteza.

Kuhusu besi, kosa la mpiga gitaa ni kuipiga kama gitaa: noti nyingi, mkono mwepesi. Piga noti chache, kwa nguvu sawa, na uangalie mahali noti inapoishia kuliko mahali inapoanzia. Noti ya besi ikiisha pamoja na dramu ya mguu, wimbo mzima unakaza. Funga nyuzi mpya, rekebisha daraja lake kama ulivyofanya kwenye gitaa, rekodi moja kwa moja kwenye intafesi na, kama unayo, amplifaya sambamba. Kompresa (kifaa kinachobana sauti kubwa) ya 4:1 inayoshusha desibeli 4 hadi 6 kwenye vilele inatosha.

Magitaa ya ridhimu

Rekodi daima njia mbili kwa wakati mmoja: amplifaya yenye maikrofoni, na sauti kavu, yaani ishara ya gitaa kabla haijafika kwenye amplifaya. Gitaa linaingia kwenye kisanduku cha DI, kinachoitayarisha ishara yake kwa tundu la maikrofoni. Tundu la kupitisha linakwenda kwenye amplifaya, tundu la XLR linakwenda kwenye intafesi. Ukichomeka gitaa moja kwa moja kwenye intafesi, tumia tundu la ala lenye ukinzani wa takriban megaomu 1, kwa sababu tundu la laini hula makali ya juu ya pikapu. Sauti kavu ni bima: upigaji ukiwa mzuri na amplifaya ikiwa imekosewa, unairudisha sauti hiyo kwenye amplifaya nyingine bila kupiga tena. Lakini ipitishe kwenye kisanduku cha kurudishia. Tundu la kutolea la intafesi lina ishara kubwa mno na ukinzani mdogo mno kwa amplifaya ya gitaa, na waya wa ardhi ukikutana pande mbili utaleta mvumo.

Kuweka maikrofoni kunastahili saa nzima. Kabati ikiwa na spika zaidi ya moja, sikiliza kila moja kwa sauti ya chini. Hazifanani, hata zikitoka kiwandani pamoja. Chukua maikrofoni ya dainamiki kama Shure SM57, iweke sentimita 2 au 3 kutoka kwenye kitambaa, ikitazama pale kifuniko cha katikati cha spika kinapokutana na karatasi ya koni. Hapo ndipo pa kuanzia. Kuisogeza sentimita moja kuelekea katikati kunaongeza ukali. Sentimita moja kuelekea ukingoni kunaipasha joto na kuififisha. Kuirudisha nyuma kunapunguza uzito wa chini unaotokana na ukaribu wenyewe. Rekodi sekunde ishirini kwenye kila moja ya sehemu nne, kisha sikiliza zote nne pamoja na besi na dramu. Gitaa linalopendeza likisikika peke yake huwa nene kupita kiasi kwenye miksi. Lile lililoonekana kavu kidogo mara nyingi ndilo linalokaa. Ukishachagua, weka utepe sakafuni na kwenye kitambaa cha spika, piga picha ya vitufe, maana utarudi hapo wiki ijayo.

Maikrofoni ya pili, kwa mfano ya ribini kama Royer R-121, inaongeza mwili, ila inaleta suala la fezi, yaani mawimbi ya sauti kupishana na kufutana. Sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde, hivyo tofauti ya sentimita 3.4 kati ya maikrofoni mbili ni kuchelewa kwa milisekunde 0.1, na hiyo inafuta sauti karibu na 5 kHz, pale pale gitaa linapong'ata. Geuza polariti (chanya iwe hasi) ya moja, sogeza hiyo moja mpaka sauti iwe nyembamba na mbovu kuliko zote, kisha rudisha polariti. Ile sehemu mbovu zaidi sasa ndiyo iliyonyooka. Na maikrofoni moja ikitosha, iache ya pili kwenye sanduku.

Wasio na amplifaya watumie programu ya kuiga amplifaya pamoja na faili moja ya mwitiko wa kabati (rekodi ya namna kabati la spika linavyolia). Moja, si tano zilizochanganywa. Mchanganyiko huo unaleta tatizo lile lile la fezi bila hata kuliona.

Sasa geni, yaani ukuzaji wa ishara unaoleta distosheni. Chukua kiwango cha distosheni unachokipenda ukifanya mazoezi peke yako, ukishushe kwa theluthi moja. Magitaa mawili yakikutana, distosheni yao inajumlishwa kwenye sikio. Zaidi ya hapo, geni kubwa hubana pigo la mwanzo, na rifu ya roki inaishi kwenye pigo hilo. Kipimo ni chepesi: piga kodi ya noti tatu. Usipoweza kuzitenganisha kwa sikio, shusha tena. Itabidi mkono wa kulia ufanye kazi zaidi, na ndivyo inavyotakiwa.

Ridhimu ya kushoto na ya kulia zipigwe mara mbili kweli, mikupuo miwili tofauti. Kunakili mkupuo mmoja na kuuchelewesha milisekunde 15 kunadanganya kwenye vipokea sauti, lakini ukisikilizwa kwenye spika moja magitaa yanatoboka na kusikika kama yako ndani ya bomba. Upana unatoka kwenye tofauti ndogo za mkono. Zikuze tofauti hizo: pikapu nyingine, gitaa lingine, au ile ile kodi mahali pengine kwenye shingo. Kinachopaswa kufanana ni mwanzo na mwisho. Safisha kelele kabla ya kuingia, na hakikisha kila ukimya unazimwa pande zote mbili kwa wakati mmoja. Ukimya ulionyooka ndio unaofanya rifu isikike nzito. Ukitaka manne ya ridhimu, yale mawili ya ndani yawe na geni ndogo zaidi na chini kwa desibeli 4 hadi 6.

Melodi na solo

Hapa ndipo albamu inapobeba jina lako, na kazi kubwa inafanyika nyuma ya solo. Ridhimu zilizobeba kiitikio kwa mbili zisiendelee vilevile chini ya solo. Ondoa moja, au zibadilishe zipige noti moja moja, au acha besi na dramu zishike peke yao kwa mizunguko minane. Solo itaonekana imekua mara mbili bila kuguswa.

Rekodi mikupuo minne au mitano kamili ukiwa na mkono mpya, mwanzoni mwa kipindi, si baada ya saa nne za ridhimu. Vidole vilivyochoka huonekana kwanza kwenye vibrato: inakuwa nyembamba na ya haraka, na uzi unaovutwa haufiki noti yake. Piga ile noti unayolenga bila kuvuta, kisha vuta uilinganishe. Uvutaji uliopungua kidogo tu husikika kwa kila mtu, hata asiyejua gitaa, ingawa atasema tu kwamba kuna kitu kinamkera.

Unapochagua vipande bora kutoka mikupuo tofauti, chagua kwa sentensi za muziki, usichague kwa noti. Kata kwenye ukimya au mwanzoni kabisa mwa pigo, na unganisha kwa kufifisha vipande vikipishana kwa milisekunde 5 hadi 10. Usikate kamwe katikati ya uzi unaovutwa au vibrato. Hakuna mikupuo miwili ambayo mkono uko kwenye kasi moja. Solo iliyoshonwa kutoka vipande zaidi ya sita huanza kupoteza safari yake. Ikifika hapo, jifunze hicho ulichokishona, halafu kipige upya kwa mkupuo mmoja.

Sikiliza dilei (mwangwi unaojirudia) na rivebu (mwangwi wa chumba) kidogo wakati wa kupiga, kwa sababu zinabadilisha namna unavyopumzisha sentensi, lakini rekodi bila hizo. Baadaye hesabu dilei: 60,000 gawanya kwa mapigo kwa dakika hukupa robo noti kwa milisekunde. Kwenye 120 ni 500, na ile ya noti ya nane yenye nukta ni 375. Kwenye 140 ni 429 na 321. Marejeo ya dilei na rivebu yakatwe chini ya 300 Hz na juu ya 6 kHz, la sivyo yatatia ukungu mahali ulipotoka kusafisha. Acha milisekunde 20 hadi 40 kabla rivebu haijaanza, ili pigo lisikike kwanza.

Melodi isiongezwe oktava juu yake tangu mwanzo. Iweke oktava hiyo akiba ya kiitikio cha mwisho.

Kwa nyimbo zenye kuimba: maikrofoni ya kondensa, sentimita 15 hadi 20, kichujio cha pumzi, na gitaa likae kimya sauti inapoanza sentensi. Kama sauti yako haibebi wimbo, alika mwimbaji.

Kumiksi

Anza na dramu na besi, kwenye mono, kwa sauti ya chini kiasi cha kuweza kuongea juu yake. Leta magitaa mwisho na uyapandishe mpaka yaanze kufunika sneya, kisha yashushe desibeli 1.5. Kata magitaa ya ridhimu chini ya 80 hadi 100 Hz na juu ya 8 hadi 10 kHz. Tope linakaa kati ya 200 na 350 Hz; ukali unaochosha uko kati ya 2.5 na 4 kHz, na kupunguza desibeli 2 au 3 kwa upana mdogo kunatosha. Melodi inaishi kati ya 1 na 3 kHz, hivyo pale inapoimba, shusha ridhimu desibeli 2 karibu na 2 kHz kwa otomesheni (mabadiliko ambayo programu inayafanya yenyewe). Gitaa lenye distosheni limeshabanwa tayari. Kompresa juu yake mara nyingi inaongeza kelele tu.

Dalili chache na sababu zake. Magitaa makubwa lakini hayana nguvu: geni imezidi, au besi iko chini. Miksi nzuri kwenye vipokea sauti, ndogo kwenye spika ya simu: ridhimu zimenakiliwa, au melodi inategemea stereo. Solo haipenyi hata ukiipandisha: kilichoko nyuma yake kimejaa, basi shusha hicho. Kodi zinasikika zimepotoka japo tyuna inasema sawa: mkono wa kushoto unabonyeza sana, au daraja halijarekebishwa. Nyimbo mbili za kwanza nzuri, zilizobaki zinachosha: toni moja ya gitaa imetumika albamu nzima.

Linganisha na nyimbo mbili au tatu za albamu unazozifahamu vizuri, ukiwa umezishusha mpaka zilingane na miksi yako kwa ukubwa wa sauti. Bila kuzishusha utadhani yako ni mbovu kwa sababu tu iko chini. Halafu mpe mtu asiyepiga gitaa asikilize albamu yote, na umuulize swali moja: ni wapi ulitaka kuruka mbele? Andika dakika na sekunde. Ukikuta watu wawili wametaja mahali pamoja, pakate.

Masta na makaratasi

Toa kila miksi kama WAV ya biti 24, kwa kiwango kile kile ulichorekodia, vilele vikiwa kati ya −6 na −3 dBFS, bila limita (kizuizi cha vilele). Mpe mtu mwingine afanye masta, yaani matengenezo ya mwisho ya sauti ya albamu, ikiwezekana kabisa. Sikio lako limeshazoea makosa yako. Huduma kama Spotify husawazisha sauti karibu na −14 LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti jinsi sikio linavyousikia), kwa hiyo masta iliyobanwa hadi −6 itashushwa tu, na mbano utabaki. Kwa roki, −11 hadi −9 ni mahali pazuri, kilele halisi kisizidi −1 dBTP (kipimo cha kilele halisi hicho). Usilazimishe kila wimbo ufike namba moja: wimbo wa taratibu ubaki mtulivu ukilinganishwa na ule uliotangulia. CD inahitaji biti 16 na 44.1 kHz pamoja na ditha (kelele ndogo sana inayoficha makosa ya kupunguza biti). Kwa santuri, weka wimbo mtulivu mwishoni mwa kila upande, kwa sababu mifereji ya ndani hupotosha makali ya juu, na besi ya chini kabisa iwe katikati.

Kila rekodi ipate ISRC (msimbo wa kimataifa wa kuitambulisha) yake yenye herufi na tarakimu 12, na albamu nzima ipate msimbo wake wa bidhaa. Mpiga dramu na kila mgeni asaini kabla ya kutoa albamu karatasi inayosema alifanya nini, analipwa vipi, na ana hisa gani katika utunzi kama ipo. Wimbo wa mtu mwingine uliourudia unahitaji leseni.

Mwisho, toa kila trak kama faili moja inayoanzia sifuri ya wimbo, yenye amplifaya na ile kavu, kwa majina yanayoeleweka: kasi, mtyuno, gitaa, upande. Weka nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, na moja ikae nje ya jengo ulilorekodia. Kisha fungua nakala hiyo ya nje kwenye kompyuta nyingine, uipige wimbo mzima, na uhakikishe hakuna trak iliyokosekana kabla hujafuta chochote kwenye mashine ya studio.